Nafasi ya Jina la Pili

Kwenye fomu ya kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, kuna mahali pa kuandika jina la mwombaji. Siku wapimaji wanapofika shambani, baba ndiye anayesimama mpakani. Anataja jina lake, anaonyesha kitambulisho cha NIDA, majirani wa pande zote wanatia saini, kazi imekwisha. Mama yuko jikoni, au amempeleka mtoto kliniki, au yupo hapo hapo, amesimama kando na kanga yake mabegani, anasikiliza mipaka ya shamba alilolilima miaka 20 ikitajwa. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyesema mwanamke hamiliki ardhi. Ila hakuna aliyemuuliza jina lake. Hati inatoka baadaye ikiwa na jina moja.

Naanza na fomu hii kwa sababu Tanzania hatuna uhaba wa ahadi juu ya usawa wa kijinsia. Ipo Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Jinsia na Wanawake ya 2023, iliyozinduliwa Machi 2024 kuchukua nafasi ya ile ya 2000. Ipo wizara inayobeba jinsia na wanawake kwenye jina lake, iliyotenganishwa na afya Januari 2022. Upo mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, uliokwishaingia awamu ya pili. Na mwaka 2021 nchi ilijifunga mbele ya mataifa, kwenye Jukwaa la Kizazi Chenye Usawa, kwamba itabeba haki za kiuchumi za wanawake. Yote hayo ni mema. Lakini mwanamke wa kijijini hakutani na sera. Anakutana na mtendaji, mhuri, daftari na fomu, na hapo ndipo anapopata haki yake au anapoikosa. Serikali ikitaka kujua vipaumbele vyake vimefika wapi, ichunguze sehemu mbili: karatasi zinazojazwa kwenye ofisi ya kijiji na kata, na kasma, yaani mafungu ya fedha, za bajeti ya halmashauri.

Tubaki kwanza kwenye ardhi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, haikumwacha mwanamke nje. Inasema wazi kwamba haki ya mwanamke mtu mzima kupata, kumiliki, kutumia na kugawa ardhi ni sawa na ya mwanamume, kwa kiwango kile kile na kwa masharti yale yale. Mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ya uanamke wake ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na wasiopungua 3 lazima wawe wanawake. Kamati ya uhakiki, inayothibitisha mipaka na wamiliki, ina wajumbe 9, wanawake wasipungue 4. Halmashauri ya kijiji inapopokea maombi hairuhusiwi kumbagua mwombaji kwa kuwa ni mwanamke. Na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huo huo, inatamka kwamba wanandoa wakipata ardhi kwa matumizi yao wote wawili, huchukuliwa kuwa wamiliki wa pamoja isipokuwa hati ioneshe vinginevyo.

Maneno hayo ya mwisho, "isipokuwa hati ioneshe vinginevyo", ndiyo yanayoibeba fomu yetu. Hati yenye jina la baba peke yake huonesha vinginevyo. Mwanamke bado anaweza kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba nguvu zake ziko kwenye shamba lile, na sheria inamtambua kwa jasho lake, lakini sasa mzigo wa kuthibitisha umehamia kwake. Kilichokuwa chake bila maneno, sasa anakidai kwa mashahidi, kwa nauli, kwa siku za kushinda barazani.

Makosa yanayotokea wakati wa uhakiki hayana siri. Tangazo la kuja wapimaji linatolewa kwenye mkutano uliofanyika saa nne asubuhi, wakati wanawake wako mtoni au shambani. Jina la mama kwenye kitambulisho ni la baba yake mzazi, kijijini anajulikana kwa jina la mume au la mtoto wake wa kwanza, karani anaona majina hayalingani na anaamua kuacha. Ndoa ni ya kimila na haina cheti, kwa hiyo anaambiwa hana ushahidi, ingawa Sheria ya Ndoa ya 1971 inawadhania kuwa wanandoa watu waliokaa pamoja miaka 2 na kupata heshima ya mke na mume mbele ya jamii. Kisha kuna nyumba za wake wengi. Shamba la mke mkubwa na la mke mdogo yanapimwa kama kipande kimoja chini ya jina la mume, na miaka ile ambayo kila mmoja alilima upande wake inafutika kwa mstari mmoja wa ramani.

Na tiba zake hazina gharama kubwa, ndiyo maana inauma. Pale ambapo kazi ya upimaji iliendeshwa vizuri, kama kwenye vijiji vya Iringa vilivyopimwa kwa kutumia simu za mkononi mikononi mwa vijana wa kijiji, wanawake waliitwa kwanza kwenye mikutano yao wenyewe, wakaelezwa haki zao, ndipo wapimaji wakaingia mashambani. Hatua hiyo moja inabadilisha nani anasimama mpakani. Nyingine ni kuigeuza fomu yenyewe: mistari miwili ya majina itangulie, na anayetaka hati ya mtu mmoja ndiye aeleze kwa maandishi kwa nini, na mwenzi wake atie saini kwamba ameelewa. Leo anayetaka umiliki wa pamoja ndiye anayetakiwa kujieleza. Mke wa pili apimiwe kipande chake. Na kabla daftari halijafungwa, orodha ya majina ibandikwe ubaoni na isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa sababu wapo wasiosoma, na kosa likigunduliwa siku hiyo husahihishwa kwa kalamu, likigunduliwa baada ya mhuri wa wilaya linahitaji barua, vikao na nauli.

Kuna ulinzi mwingine ambao wanawake wengi wameolewa nao bila kuujua. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Benki inapopokea hati kama dhamana ya mkopo inatakiwa kuhakikisha ridhaa hiyo ipo. Kinachotokea ni kwamba mume anakwenda na hati ya kiapo inayosema hajaoa, au na mwanamke mwingine anayetia saini kwa jina la mke. Mke halisi anapata habari siku dalali wa mahakama anapofika na rangi nyekundu kuandika ukutani. Anayeona dalili za jambo hili asisubiri. Anaweza kuweka zuio kwenye ofisi ya msajili wa hati, na kwa ardhi ya kijiji apeleke barua halmashauri ya kijiji, abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Nakala ile ina thamani kuliko maneno ya mashahidi kumi.

Mume akifariki, karatasi inabadilika na ugumu unaongezeka. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo sheria zetu zenyewe zina doa ambalo hakuna mafunzo ya watendaji yatakayoliondoa.

Tangazo la Sheria za Mila la 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, bado linapanga warithi kwa madaraja matatu. Mwana wa kiume mkubwa daraja la kwanza, wana wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu. Mjane hana fungu lake mwenyewe iwapo mume ameacha jamaa wa ukoo, na hutegemea kutunzwa na watoto. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitamka kwamba mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi alikuwa na haki ile ile ya kuuza aliyo nayo mwanamume, kwa nguvu ya Katiba. Watu wengi wanaijua hukumu hiyo, inafundishwa vyuoni. Lakini wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa na shemeji zao walipokwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo ya mirathi, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikubali kwamba inabagua, kisha ikakataa kuifuta. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro iliyokuwa kwenye hati ya amri ya mahakama ile ya chini, karatasi ambayo wajane hao hawakuiandaa wao. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imevunja haki zao. Tangazo la 1963 lingali limesimama. Serikali inayoorodhesha vipaumbele kumi vya usawa na kuliacha hili nje haijaorodhesha vipaumbele vyake.

Wakati sheria inasubiriwa, mjane anahitaji kujua njia. Mirathi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo pale marehemu alipokuwa na makazi, ikiwa mali inasimamiwa kwa mila au kwa sheria ya Kiislamu. Watamwomba cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari huo ndio shingo ya chupa, kwa kuwa ukoo unakaa, unamteua kaka wa marehemu, na mjane anapewa karatasi atie saini akiwa bado na kanga ya msiba kichwani. Asisaini asichosomewa. Kikao cha ukoo kinapendekeza, mahakama ndiyo inayoteua, na mjane ana haki ya kufika na pingamizi au kuomba yeye mwenyewe kuwa msimamizi. Na msimamizi si mrithi wa kila kitu: anatakiwa ndani ya miezi 4 kurudisha mahakamani Fomu Namba 5 ya orodha ya mali na Namba 6 ya hesabu ya mgawo. Wasimamizi wengi hawazirudishi na hakuna anayewaita. Mahakama ikiwa na karani wa kufuatilia fomu hizo mbili tu, kila msimamizi anayepitisha miezi 4 akaitwa kujieleza, wajane wengi wangebaki kwenye nyumba zao. Mshahara wa karani mmoja. Hivi ndivyo vipaumbele ninavyovizungumzia.

Nieleze na jambo la talaka kwa kifupi. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakutoka na kitu, kwa sababu zake za kesi ile, lakini mlango aliufungua. Kupika, kulea na kutunza nyumba vinapimwa. Mahakama za chini zinatofautiana sana katika kuvipima, na mwanamke anayefika bila maelezo ya kina, nani alilipa ada, nani alisimamia mafundi, ng'ombe yupi aliuzwa kununua bati, huondoka na kidogo.

Sasa fedha. Chombo kikubwa kuliko vyote ambacho serikali imekitengeneza kwa ajili ya uchumi wa wanawake wa kawaida ni mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Mwaka 2018 uliingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kupitia kifungu cha 37A: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kanuni zikafuata 2019. Kabla ya hapo ilikuwa hiari ya mkurugenzi na mara nyingi hela haikuonekana. Kukifanya kuwa sheria lilikuwa jambo kubwa, na ninalisema kwa moyo mweupe.

Lakini fanya hesabu. Chukua halmashauri ya wilaya yenye mapato ya ndani, baada ya kuondoa vyanzo lindwa, yaani mapato yaliyokwishapangiwa matumizi maalumu, ya shilingi bilioni 3 kwa mwaka. Asilimia 10 ni milioni 300. Fungu la wanawake ni milioni 120. Ikiwa na kata 20, ni milioni 6 kwa kata. Vikundi vikipewa milioni 12 kila kimoja, vinapata vikundi 10 tu kwa mwaka, yaani nusu ya kata hazipati hata kimoja. Na hiyo ni kama makusanyo yamefikia lengo. Wakikusanya asilimia 70, fungu la wanawake linashuka hadi milioni 84. Jiji lenye bandari, viwanda na mahoteli lina mabilioni, wilaya ya wafugaji inayotegemea ushuru wa mnada ina senti. Mwanamke wa wilaya maskini anaadhibiwa mara mbili. Serikali kuu ingeweza kuweka fungu la kusawazisha kwa halmashauri zenye mapato madogo. Bila hilo, asilimia 4 ni usawa wa tarakimu pekee.

Aprili 2023 Waziri Mkuu alitangaza bungeni kusitishwa kwa mikopo hii. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilikuwa zimeonesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Ikarudi 2024 na kanuni mpya, halmashauri 10 za majaribio zikipitishia mikopo benki, nyingine zikiendelea kutoa zenyewe. Kwa zaidi ya mwaka mzima vikundi vilivyokuwa vinarejesha vizuri vilikaa bila mtaji kwa makosa ya vikundi ambavyo havikuwapo. Wengi waliangukia kwenye mikopo ya kausha damu, inayolipwa kila siku au kila wiki, ambapo ukichelewa wanabeba godoro, jiko na televisheni mbele ya watoto.

Kwa nini marejesho hayarudi? Mtu aliye mbali husema wanawake wamekula hela. Ukikaa na madaftari ya vikundi unaona sababu nyingine.

Ya kwanza ni kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya mkopo. Diwani anasema hela zimekuja, wanawake 10 wanakusanyika wiki moja, wanapata katiba iliyonakiliwa kutoka kikundi kingine hadi jina la kijiji halijabadilishwa, afisa maendeleo ya jamii anasajili. Hela ikiingia wanagawana sawa kwa sawa, kila mtu na biashara yake, na mradi ulioandikwa hauanzi. Akihama mmoja, akiugua mwingine, rejesho linakwama kwa wote. Mwaka 2021 idadi ya wanakikundi ilishushwa kutoka 10 hadi 5, na hilo lilisaidia, kwa kuwa watano wanaojuana kweli hupatikana kirahisi kuliko kumi. Kinga nzuri kuliko zote ni ya kienyeji: kikundi kiwe kimeweka hisa pamoja miezi sita walau, kiwe na daftari la mahudhurio na la akiba, afisa alione daftari lenyewe, alione limechakaa, limeandikwa kwa kalamu tofauti na mikono tofauti. Daftari lililoandikwa lote usiku mmoja linajulikana. Wino ni mmoja, mwandiko ni mmoja, hakuna mahali pamekosewa.

Ya pili ni andiko la mradi lililoandikwa na mtu wa stesheneri. Chukua mradi wa kuku wa nyama, ambao uko kwenye maandiko mengi kuliko mradi mwingine wowote. Andiko linasema vifaranga 500, banda, vyombo vya maji, taa. Limesahau tumbo la kuku. Kuku wa nyama hula kilo tatu na nusu hivi hadi kufika wiki ya sita. Vifaranga 500 ni kilo 1,750, mifuko 35 ya kilo 50. Chakula ndicho kinachokula zaidi ya nusu ya gharama yote. Kikundi kinajenga banda zuri la matofali kwa fedha za mkopo, kinanunua vifaranga, chakula kinaisha wiki ya nne, kuku wanauzwa wadogo kwa bei ya hasara. Afisa mifugo wa kata angeliona kosa hilo kwa dakika tano kama andiko lingepita mezani kwake. Mara nyingi halipiti, kwa kuwa yeye yuko idara nyingine.

Ya tatu ni kalenda. Halmashauri nyingi huzuia fedha mpaka Mei au Juni, mwaka wa serikali unapokaribia kufungwa, kisha hutoa zote kwa mkupuo ili hesabu zionekane safi. Kikundi cha wakulima wa maeneo yenye msimu mmoja kinahitaji mbegu na mbolea kabla ya mvua za Novemba. Kikipewa hela Juni na kutakiwa kurejesha kila mwezi, kitarejesha kwa mtaji wenyewe, na msimu ukifika kitakuwa mikono mitupu. Fedha hukusanywa kila mwezi, basi ziingie kwenye akaunti maalumu kila mwezi, zitoke kila robo, na ratiba ya rejesho ifuate zao: kuku baada ya wiki, mboga baada ya miezi, mpunga baada ya mavuno. Fedha zinazorudi zibaki kwenye akaunti ile ile zikopeshwe tena. Halmashauri inayozichanganya na matumizi mengine, ikalipia mafuta ya gari, imewaibia wanawake hata kama hakuna aliyeweka senti mfukoni.

Na ya nne, isiyoandikwa kwenye ripoti, ni mume. Hela ya mke inaingia, mume anaacha kulipa ada na chakula, kwa sababu "sasa una hela". Mtaji unaliwa na majukumu ya nyumba nzima. Vikundi vyenye viongozi wakomavu huweka sharti la kumwita mwenzi siku ya kusaini, akasomewa kiasi, ratiba na dhamana ya kikundi mbele ya wanakikundi wote. Si kumwomba ruhusa, ni kumnyima kisingizio cha kutojua.

Mwanamke anayetaka kuomba leo ajipange hivi. Kikundi kisajiliwe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikiwa na katiba, muhtasari wa kikao cha kukubaliana kuomba mkopo wenye majina na saini za wote, kitambulisho cha NIDA cha kila mmoja, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, na andiko. Maombi hupita kamati ya kata, kisha ya halmashauri, na huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Majina kwenye muhtasari, NIDA na benki yafanane herufi kwa herufi. Mwajuma wa kwenye muhtasari na Mwanajuma wa kwenye kitambulisho ni watu wawili mbele ya mfumo, na maombi yatarudi. Chukua nakala ya kila kitu. Na asitoe "hela ya kalamu" kwa mtu yeyote, mkopo huu hauna ada ya kufungulia mlango.

Kwenye uongozi nitapita haraka. Bungeni Katiba imeweka viti maalumu visivyopungua asilimia 30, na Rais ni mwanamke tangu Machi 2021. Kijijini, halmashauri ya kijiji inatakiwa kuwa na wanawake wasiopungua robo ya wajumbe, ila kiti cha mwenyekiti hakina ulinzi wowote, na wanaokikalia karibu wote ni wanaume. Mwenyekiti huyo ndiye anayetia saini hati ya ardhi na ndiye anayefungua mkutano. Vyama vikiwa na nia, vianze hapo kupeleka majina ya wanawake, kwenye vijiji vyenye ushindi wa uhakika, badala ya kuwapeleka mahali pa kushindwa.

Likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua pacha, pamoja na saa 2 za kunyonyesha kwa siku, ni haki nzuri kwa mwenye mkataba. Mama lishe, mkulima na mfanyakazi wa ndani asiye na mkataba hawamo. Baba ana siku 3, na hizo hazitoshi kumrudisha mama nyumbani kutoka hospitali ya mkoa kama amepasuliwa.

Kuhusu ndoa za utotoni, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliridhia uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakiuka Katiba. Serikali ilikuwa na mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Mwaka ukapita vifungu vikiwa vile vile. Kwa binti wa darasa la saba hilo halina maelezo.

Kwenye ukatili, saa ndizo zinazoamua. Aliyebakwa anahitaji dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Aende kituo cha afya kwanza, asioge, nguo aliyovaa aiweke kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu mfuko wa plastiki huozesha ushahidi. Fomu ya polisi, PF3, isimzuie kutibiwa. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vingi, lakini dawati lisilo na chumba chenye mlango, ambapo mwanamke anasimulia yaliyompata huku watu wa ajali za bodaboda wanasikiliza, halijatimia. Bajeti ya kufunga mlango ule, na ya mafuta ya gari la kumfuata mtuhumiwa kabla hajavuka wilaya, iandikwe kwa kasma yake. Isipoandikwa, polisi atamwomba mlalamikaji hela ya mafuta, na kesi nyingi hufia hapo.

Bajeti hiyo haianzii Dodoma mwezi Juni. Inaanzia kijijini, miezi ya mwisho ya mwaka, vijiji vinapokusanya fursa na vikwazo vyao. Inapanda kata, inafika baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka, ndipo inakwenda wizarani na bungeni kabla ya Julai mosi. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Ndipo mahali pa kuuliza: fedha za asilimia 4 za robo iliyopita ziliingia lini kwenye akaunti, ni kiasi gani, vikundi gani vya kata hii vimepata, na kati ya hati za ardhi zilizotoka mwaka huu, ngapi zina jina la mwanamke. Mwombe mtendaji aandike swali na jibu kwenye muhtasari, kisha akusomee alichoandika kabla daftari halijafungwa.